Chupa ya Pilipili

Koti la baba mdogo Ezra bado linanuka. Sikutegemea. Ni lile koti la rangi ya chungwa wanalovaa wawindaji ili wasipigwe risasi na wenzao, na limening'inia kwenye msumari wa besimenti yetu hapa Riverside, mjini Buffalo, tangu nikiwa darasa la pili. Wiki ya msiba wa Bibi nilishuka kule kwa sababu moja tu: juu kulikuwa na watu. Mnaonijua mnajua, watu wakizidi sebuleni mimi hutafuta ngazi. Nikakaa kwenye ndoo niliyoipindua kando ya mashine ya kufulia, juu ya kichwa changu akina mama wa kanisani wakiimba mapambio, na mkono wa lile koti ukanigusa shavuni. Harufu ya kitu kilichoungua, chuma na chumvi, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Miaka yote hiyo! Nikaanza kulia, mimi ambaye makaburini sikutoa hata tone, na watu walishanisema kwa hilo.

Ninawaandikia wa rika langu, mliokulia kwenye nyumba kama yetu, ambako wazazi walituweka katikati yao na Wamarekani tukiwa bado hatujui kufunga kamba za viatu. Mlitafsiri bili ya umeme. Mlitafsiri kwa daktari maneno ya mwili wa mama yenu ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Ninyi hamtashangaa kwamba kitu kikubwa kuliko vyote katika nyumba yetu kilipita mdomoni mwangu, na mimi sikukielewa.

Baba mdogo Ezra ni mdogo wake Baba. Walizaliwa Burundi, lakini akili zao zilifungukia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, na Kiswahili cha kule ndicho walichotuachia. Kutoka kambini walipelekwa Marekani, mji wa Louisville, na huko ndiko nilikozaliwa. Baadaye Baba akasikia kwamba Buffalo nyumba si shida kupata, tukahamia huku na Bibi na baba mdogo, tukamwacha shangazi Yunia, dada yao, Louisville na mume wake.

Mimi nina jina la Bibi, Rebeka, na kwa sababu hiyo baba mdogo aliniita mama. Wala haikuwa ile "mama" ya kumbembeleza mtoto. Akirudi kutoka ghalani, alikokuwa akiendesha foklifti, ile gari ndogo ya kuinulia mizigo, alivua viatu mlangoni, akaja mbele yangu na kuinamisha kichwa.

"Mama, mwanao nimerudi. Nina njaa."

Nami nilitakiwa niweke mikono kiunoni na kumjibu kwa sauti ya Bibi: "Mwanangu, umenawa?"

"Bado, mama."

"Basi toka hapa!"

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu mtoto ataniibia wanangu mchana kweupe," alisema, halafu akamtengea chakula.

Kazini baba mdogo alikuwa na rafiki, mzee mmoja Mmarekani aliyeitwa Walt, mrefu, mwenye ndevu nyeupe na mikono iliyojaa makovu. Walt ndiye aliyemfundisha kuwinda kulungu. Bibi hakupenda.

"Bunduki tumezikimbia, wewe unazifuata?"

"Zile zilikuwa za watu, mama. Hii ni ya nyama."

"Kwani dukani nyama imeisha?"

Lakini alipoleta kulungu wake wa kwanza, na Bibi akamkata mwenyewe juu ya meza iliyofunikwa plastiki, na kila nyumba ya Warundi tuliyosali nayo ikapata fungu, sikusikia tena neno la bunduki. Bibi alibeba mafungu mengine kwa mkono wake mpaka mtaa wa Lower West Side, kwa basi, yamefungwa kwa magazeti, kwa ajili ya mjane mmoja aliyekuwa naye kambini. Jumapili ile alikaa kiti cha mbele kanisani.

Walt alimfundisha pia kujaza risasi mwenyewe. Baba mdogo alikuwa na meza yake besimenti, hapa hapa nilipokuwa nimekaa na ndoo yangu. Unaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, unayasafisha mpaka yang'ae, unaweka kiwashio kipya chini ya kila moja. Unapima baruti kwenye mzani mdogo kama wa sonara, unaimimina kwa faneli ndogo, halafu unakandamiza kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Mimi niliona ni mapishi. Kinapimwa, kinamiminwa, kinafunikwa. Nadhani Bibi naye aliona hivyo hivyo. Alishuka kila Jumamosi kufua, na nguo zikizunguka kwenye mashine alipitisha kitambaa juu ya ile meza, akapanga, akafunika vilivyoachwa wazi, kama alivyofanya jikoni. Kwake ilikuwa jiko la mwanawe.

Sasa lazima niwaeleze jikoni kwa Bibi. Kambini, siku ya mgao, kabla unga mpya haujaingia ndani, ule uliobaki ulitolewa na kumiminwa pamoja kwenye chombo kimoja, kikafungwa vizuri. Hakuna mama aliyeacha nusu hapa na nusu pale. Kilichoachwa nusu kililiwa na panya, au kilipungua usijue kimepunguaje. Na chombo kilichobaki kitupu kilikuwa mali. Kilioshwa, kikaanikwa, kikapewa kazi nyingine siku hiyo hiyo. Bibi alivuka bahari na tabia hiyo. Ukiacha pakiti mbili za sukari zilizofunguliwa, ukirudi utakuta moja. Mchele wa jana uliingia kwenye mchele wa leo. Alimimina mpaka mwisho, akageuza pakiti juu chini na kuipiga kitako kwa kiganja, pa, pa, pa, ili hata vumbi lishuke. Mama yangu alilalamika siku moja kwamba shampuu yake imeunganishwa na sabuni ya vyombo. Tulicheka wiki nzima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku chache kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa. Baba mdogo na Walt walitoka asubuhi kwenda shambani kwa dada yake Walt, kusini mwa mji, kujaribu bunduki. Sisi tulikuwa tunakula. Simu ya Baba ikalia, akasikiliza, akakunja uso, akanipa mimi.

Alikuwa Walt. Alikuwa akipumua kama mtu anayepanda ngazi.

"Anasema nini?" Baba akauliza.

"Anasema bunduki imepasuka."

"Imepasukaje?"

"Anasema jicho."

Bibi akaweka kijiko chini. "Jicho la nani?"

Nilimuuliza Walt, jicho la nani. Sijui kwa nini niliuliza. Nilikuwa mtoto, nilitafsiri nilichopewa.

Kesho yake Mama na Bibi walikuwa hospitalini. Baba alibaki nami kwa sababu Walt alitaka kuja. Alikuja na ile bunduki imeviringishwa kwenye blanketi, akashuka nayo besimenti, nasi nyuma yake. Kiingereza cha Baba wakati ule kilikuwa cha kazini tu, neno moja moja, na aliyekuwa mdomo wa nyumba, baba mdogo, alikuwa amelala na bandeji mpaka kidevuni. Basi nikasimamishwa katikati yao.

Walt hakukaa. Aliifunua bunduki taratibu, kama mtu anayefunua maiti. Mbao ilikuwa imechanika na komeo limekwama nusu. Alisema ganda lilipasukia ndani, na moto wote uliopaswa kwenda mbele ukarudi nyuma usoni kwa Ezra. Anataka kujua kwa nini. Alisema hatalala mpaka ajue, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha.

"Anauliza kama lile bomba la mbele lilikuwa limeziba," nilimwambia Baba. "Tope, au tambara."

"Mwambie aliisafisha jana yake, nikimwona."

Walt alimulika tochi kwenye mtutu. Ulikuwa mweupe mpaka mwisho. Akachukua mzani, akaweka juu yake kijiwe chake cha kupimia. Mzani ukasema kweli. Nikatafsiri kwamba mzani si mwongo. Baba akauliza, je, labda alimimina baruti mara mbili kwenye ganda moja? Walt akatikisa kichwa: ganda hili likijazwa mara moja baruti inakaribia shingo, mara ya pili ingemwagika mezani, angeiona. Akapima urefu wa maganda. Akaangalia kama vichwa vya risasi vilizamishwa kupita kiasi, maana vikizama sana nafasi inakuwa ndogo na nguvu inazidi. Hapana. Kila kitu kilikuwa sawa. Baba mdogo alikuwa mtu wa taratibu. Kadiri kila kitu kilivyokuwa sawa ndivyo uso wa Walt ulivyozidi kuwa mbaya.

Mwishoni alichukua risasi moja iliyobaki kwenye kisanduku, akaitia ndani ya nyundo ya plastiki yenye tundu, ya kubomolea risasi, akagonga sakafuni mpaka kichwa kikatoka. Akamimina baruti yake juu ya karatasi nyeupe. Akavaa miwani. Akachukua kijiti cha meno na kuanza kusogeza zile punje, nyingine huku, nyingine kule. Zote zilikuwa na rangi ile ile ya majivu meusi, ila za upande mmoja zilikuwa laini zaidi. Ukiangalia haraka, chini ya balbu ile, usingeziona tofauti. Ungesema ni majani ya chai.

Alitazama rafu. Kulikuwa na chupa moja ya plastiki ya baruti, yenye kifuniko chekundu.

Akanigeukia na kuuliza ile nyingine iko wapi. Kulikuwa na mbili.

Hili sikulitafsiri. Nilijua jibu, na watoto tunaojua majibu huwa hatusubiri. Nikamwambia moja kwa moja kwa Kiingereza kwamba iko juu jikoni, Bibi ameiosha, anawekea pilipili zake.

Walt alivua miwani.

"Umemwambia nini?" Baba akauliza. "Rebeka. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia chupa nyingine Bibi anawekea pilipili."

Mashine ya kupasha joto iliwaka yenyewe pembeni, ikanguruma. Baba alikaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa mikono yote miwili, na Walt akaanza kukunja ile karatasi nyeupe, akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa ndogo kama kidole.

Mimi nilielewa hivi: nimekosa adabu. Nimeongea mbele ya mgeni bila kupewa neno. Nilitakiwa nipitishe maneno tu, kama bomba linavyopitisha maji, nami nimeongeza ya kwangu, tena ya jikoni, ya pilipili, mbele ya mtu aliyekuja na huzuni yake. Mkiniuliza nilianza lini kuwa mtu wa kunyamaza, nitawaonyesha ile ngazi.

Walt aliondoka na zile chupa zote. Pilipili alizimwaga kwenye takataka za nje, akafunga mfuko.

Hospitalini jioni ile baba mdogo alikuwa macho, yaani alikuwa jicho. Bibi alikaa kitandani, amemshika mguu juu ya shuka. Kabla hatujaingia, Baba aliniacha koridoni na Mama, akaingia peke yake kwanza na kumtuma Bibi akanywe maji. Alikaa kidogo tu. Tulipoingia wote baba mdogo alisema, kwa sauti ya koo kavu, akimtazama mama yake:

"Mama, ni mimi. Niliweka nyingi. Nilikuwa na haraka."

"Wewe tangu tumboni una haraka," Bibi akasema. Akacheka, na machozi yakamwingia kwenye kicheko.

Nami nikamwamini baba mdogo. Kwa nini nisimwamini? Nilikaa miaka nikimwonea hasira kidogo, hasira ya mtoto, kwa sababu alikuwa na haraka, na haraka yake ikaondoa kila kitu.

Maana iliondoa. Mtu mwenye jicho moja hapewi foklifti. Alirudi nyumbani, akawa anamimina chai kando ya kikombe, anashika kitasa cha mlango pasipo na kitasa. Hakuniita mama tena. Nilimngoja mlangoni siku za mwanzo, mikono iko tayari kiunoni, akapita akisema, "Hujambo, Rebeka," kwa upole. Baada ya baridi kuisha aliondoka kwenda Columbus, kwa rafiki yake wa kambini aliyekuwa akikaa upande wa Clintonville. Alipata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Alikuja Krismasi, na siyo kila Krismasi. Yeye na Bibi walikuwa wapole kupita kiasi, kama wageni waliokutana kwenye basi. Karibu mama. Asante mwanangu. Umeshiba mama? Nimeshiba. Nilidhani wamegombana mahali nisipopaona.

Kuna mambo mengine niliyoyaona na sikuyaunga. Siku Bibi aliporudi kutoka hospitalini mara ya kwanza, aliinua mkono kwenye rafu ya jikoni bila kutazama, jinsi mtu anavyoinua mkono mahali anapopajua, na mkono ukashika hewa.

"Chupa yangu ya pilipili iko wapi?"

"Imevunjika, mama," Baba akasema.

Bibi alimtazama. Nilikuwa nakula maharage, nakumbuka kwa sababu nilisubiri amkemee aliyeivunja. Hakukemea.

"Haya," alisema.

Akashuka besimenti, akakaa kule muda mrefu, na mashine ya kufulia haikuwaka. Alipopanda alikuwa anashika ukuta. Tangu siku ile hakushuka tena. Nguo zake alifua kwa mkono kwenye sinki la bafuni, na mimi nilijua ni magoti.

Halafu siku moja, akinisuka nywele, aliniuliza:

"Rebeka, yule mzee siku ile alisema nini?"

Nilikuwa nimejifunza somo langu, kwamba maneno ya watu wazima hayaongezwi wala hayarudiwi. "Sijui, Bibi. Nilikuwa natafsiri tu."

Vidole vyake vikasimama kwenye nywele zangu. Vikaendelea.

"Haya, mama," alisema.

Na jikoni kukabadilika. Pakiti za unga zikaanza kukaa wazi wazi, mbili, hata zaidi, kila moja na kidogo chake, imefungwa na kamba yake. Mama akalalamika kwamba kabati limejaa. Siku moja alichukua pakiti mbili za unga wa mahindi, wa aina moja, duka moja, akaanza kumimina moja ndani ya nyingine, na Bibi akatoka kwenye kiti kwa mwendo nisioudhania, akampiga mkono. Unga ukamwagika wote.

"Acha! Kila kitu kikae kwake!"

"Mama, ni unga tu."

"Kikae kwake nimesema!"

Mama alifagia huku akinikonyeza, kama kusema uzee huo umefika. Sisi watoto tulimtania: Bibi umekuwa Mmarekani, unaacha nusu nusu. Alitabasamu tu. Chupa tupu alitupa, zote, mpaka mitungi mizuri ya kioo. Alizitupa kwa haraka, kama vitu vya moto.

Ukweli nilielezwa na Baba mwaka jana, tukiwa barabarani kwenda Louisville kwa shangazi Yunia, tumeshapita Columbus ambako tulimshusha baba mdogo nyumbani kwake. Nilimuuliza kwa nini hakai nasi. Baba aliendesha kwanza.

"Unakumbuka siku ile ulipotafsiri kwa Walt?"

Akanieleza kilichokuwa kwenye ile karatasi nyeupe. Chupa mbili, zilizofanana umbo, kila moja ikiwa nusu. Moja ilikuwa ya bunduki ya kulungu, baruti inayowaka polepole kama mkaa na kuisukuma risasi. Nyingine Walt alimpa ya bunduki ya ndege, na hiyo huwaka mara moja kama petroli. Maandishi ya kwenye chupa Bibi hakuweza kuyasoma. Aliona nusu na nusu, akafanya walichofanya mama zake wote. Alimimina, akapiga kitako, akaosha iliyobaki.

"Baba mdogo hakuona imeongezeka?"

"Aliona. Alidhani Walt kamwongezea. Na Walt alishamfundisha, baruti usiyojua imetoka wapi unaimwaga bustanini. Lakini Rebeka, mtu aliyekulia kwenye mgao atamwaga nini?" Alifuta kioo kwa mkono ingawa hakikuwa na ukungu. "Kule hospitalini aliniambia neno moja tu. Mama asijue. Na hajui. Nawe usije ukamwambia."

Sikumwambia. Nilikuwa nimeshakaa mdomo umefungwa miaka yote ile bila sababu. Sasa nilipewa sababu.

Bibi alifariki usingizini, mwisho wa majira ya baridi, theluji ikiwa bado kwenye kingo za barabara. Baba mdogo alikuja kutoka Columbus kwa basi. Walt alikuja makaburini na fimbo, akasimama nyuma, akaondoka bila kula.

Siku ya tatu ya msiba, ile niliyokuwa nimejificha chini na koti, niliitwa kusaidia jikoni. Shangazi Yunia, aliyetoka Louisville na anayefanya kazi akiongea, alikuwa amefungua kabati la Bibi na kupanga vyote mezani.

"Jamani njooni muone! Unga nusu, unga nusu, unga nusu. Chumvi mbili. Maharage haya na haya si ndiyo yale yale? Huyu ni mama yangu kweli? Mama yangu alikuwa anatuchapa kwa pakiti mbili za chumvi! Rebeka, nishikie hilo debe, niunganishe."

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Aligeuza kichwa chote, kama anavyogeuza sasa, ili jicho lake lione meza nzima. Alitazama zile pakiti kila moja na kamba yake. Alitazama muda mrefu mpaka shangazi akanyamaza, na shangazi hanyamazi.

"Tangu lini?" akauliza. Hakuna aliyejua anamuuliza nani.

Nilihisi ile ngazi ya besimenti chini ya miguu yangu. Chupa iliyovunjika. Mkono ulioshika hewa. Vidole vilivyosimama kwenye nywele zangu. Vyote vikaja pamoja wakati mmoja, na hakuna aliyenipa neno, nikaongea.

"Tangu ulipoumia," nikasema.

Hawajaizoea sauti yangu. Shangazi alinitazama kama kiti kimeongea. Wote walinyamaza tena, lakini safari hii nilijua kwa nini.

Baba mdogo alikaa.

"Alijua," alisema.

Baba alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo. "Aliniuliza chupa yake. Nikamwambia imevunjika."

"Chupa ipi?"

"Ya pilipili. Ile ile."

"Chupa ya plastiki, kaka?" Baba mdogo alianza kucheka, kicheko kibaya, mabega yanaruka, na machozi yalitoka kwenye jicho linaloona na kwenye lile lisiloona. "Ulimwambia plastiki imevunjika? Na akakuitikia haya?"

"Akaniitikia haya."

"Nami kila nikija Krismasi namwambia nilikuwa na haraka, mama. Naye ananiambia tangu tumboni, mwanangu." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Tungekuwa tumelia wote wawili mara moja, yakaisha."

Shangazi alikuwa akiuliza chupa gani, pilipili gani, nani alijua nini, na Baba akamshika mkono akampeleka sebuleni kumweleza. Tukabaki sisi wawili na meza.

Baba mdogo alivuta pakiti ya kwanza, akafungua kamba kwa meno. Akaiinua juu ya debe. Kwa jicho moja hakuupata mdomo wa debe. Unga ukashuka kando, juu ya meza, juu ya magoti yake. Akajaribu tena. Basi nikalichukua lile debe kwa mikono yote miwili, nikalisogeza mpaka ukingo wake ukagusa pakiti, akamimina. Akaipiga kitako kwa kiganja, kama Bibi. Akachukua ya pili, nikamsogezea, akamimina juu ya ile ya kwanza. Akachukua nyingine.

"Unga ni unga, mama," alisema. Alikuwa ananitazama mimi. "Ona. Haumuumizi mtu."

Miaka mingi hakuwa ameniita hivyo. Nilitaka kuweka mikono kiunoni kama zamani, lakini nilikuwa nimeshika debe, na debe lilikuwa zito sasa.

"Mwanangu," nikasema, na sauti ya Bibi ikatoka yenyewe, "umenawa?"

Alitazama mikono yake, myeupe mpaka viwikoni.

"Bado, mama," akasema. "Bado."